Choa hakikai katikati, kinakaa ukingoni

Assalamu alaikum, karibuni tena, mko na kinyozi wenu hapa Chake Chake, Pemba. Leo hapana panki wala denge. Leo nataka hivi viduara ambavyo kila nikimvua mtoto kofia navikuta. Mwilini tunaita choa, watoto wanasema mashilingi, kikiwa kichwani ni mapunye, na ukenda dukani utaambiwa fangasi, basi. Mimi si daktari, tusidanganyane. Mambo ya dawa nimeyapitisha kwa mfamasia kabla sijawasha simu. Mengine nimejifunza kwa kuharibu.

Huyu hapa ni mtoto wa dada yangu. Mama yake karidhia mkono uonekane, uso hapana. Bwana mdogo, nyoosha mkono. Hebu nisogeze simu. Mnaona? Kiduara kama sarafu ya shilingi 200. Katikati ngozi imetulia, utadhani imepona. Pembeni ndipo palipoinuka, pana vipele na magamba madogomadogo. Hamna mdudu anayetambaa humo, hizo hadithi tuziache. Fangasi inakula ile ngozi ngumu ya juu, ikimaliza hapa inasogea nje. Mfano wa moto wa kuchoma majani shambani: katikati jivu, ukingoni ndiko unakowaka. Shikeni hilo la ukingo, nitalirudia mpaka mnichoke.

Vifaa: maji, sabuni ya kawaida, kitambaa kikavu, dawa. Osha, kausha, tayari. Hapo sina la kueleza.

Dawa sasa. Tyubu hii... haisomeki? Ngoja, jua linapiga kwenye kioo. Hapo. Klotrimazoli, asilimia 1. Ipo mikonazoli, kazi yao moja. Tabinafini bei yake iko juu kidogo lakini siku zake chache, wiki moja au mbili. Na yako yale mafuta ya zamani ya Whitfield, asidi ya benzoiki asilimia 6 na ya salisiliki asilimia 3. Mie nayapenda, harufu yake inanikumbusha kabati la bibi. Ila yanawasha, usiyapeleke usoni wala kinenani, utanitukana.

Sasa hii ya pili. Tulieni hapa, maana hapa ndipo nilipoumbuka. Boksi zuri, linang'aa, muuzaji anakwambia ina dawa tatu ndani ya tyubu moja, inamaliza kila kitu. Mwanangu wa pili alitoka choa nyuma ya goti. Nikenda duka moja, silitaji, nikapewa hii. Siku ya pili wekundu umeondoka, muwasho hakuna, mie najisifu. Baada ya wiki tatu nikaacha kupaka. Kikarudi kikubwa kama kisahani cha kikombe, na hakina tena sura ya choa, ukingo umefifia, hata tabibu alimgeuza mtoto mara mbili ndipo akakitambua.

Kilichokuwemo ni steroidi. Steroidi haiui fangasi. Inaunyamazisha mwili usipigane nayo, kwa hiyo juu unaona shwari, chini yenyewe inajitanulia. Na ukiipaka muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Ndizo hizohizo wengine wanajichubulia, naona mnaangalia pembeni. Kwa hiyo ukishika boksi, soma kwa kidole. Ukikuta jina linaloishia na herufi s, o, n, e, yaani betamethasone au dexamethasone, au ukikuta clobetasol, rudisha. Muuzaji akikwambia hiyo ndiyo kali zaidi, rudisha. Akikwambia kila mtu anachukua hiyo, rudisha, toka nje, salimia watu, nenda zako.

Haya, kupaka. Tone dogo, si lazima uipake kama siagi kwenye mkate. Sasa watu wote wanafanya hivi: kidole katikati ya duara, wanazungusha, wamemaliza. Hapana. Pale katikati hapana mtu, wameshahama! Anza nje. Pima upana wa dole gumba kutoka ukingoni, sentimita 2 hivi, kwenye ngozi ambayo unaiona nzima kabisa. Anzia hapo, zunguka, ndio uingie ndani. Nje, ukingo, ndani. Bwana mdogo, acha kucheka, inakutekenya? Nje, ukingo, ndani. Halafu unawa mikono, usiende kujikuna shingo.

Asubuhi na usiku. Klotrimazoli ni wiki mbili mpaka nne. Na duara likishapotea, unaendelea wiki moja tena juu yake, unapaka ngozi safi isiyo na kitu. Jirani atakuuliza unapaka nini. Mwache aulize. Wengi wanaorudi kwangu wakisema dawa feki, ukiwauliza walipaka siku ngapi, wanasema tano.

Aa, simu imeanguka. Samahani. Ni huyu paka. Naye mnamwona? Mweupe huyu, kila mtoto wa mtaa anambeba. Paka pia anabeba choa na anampa mtoto. Ukimwona ana sehemu ya manyoya iliyonyonyoka, basi watoto wako wasilale naye. Shuka, shuka huko.

Wapemba wenzangu, najua mnasubiri nitaje mafuta ya makonyo, yale ya vikonyo vya karafuu. Kiwanda kiko hapo Wawi, nani asiyekijua. Mwaka 2017 nilipata fangasi ya kinena, nikaona aibu kwenda dukani, nikachukua mafuta ya makonyo, masafi, bila kuchanganya na kitu. Wallahi, ndugu zangu. Nilitembea kama bata siku tatu. Yale ni makali, yanaunguza ngozi, na ngozi iliyoungua inakuongezea ugonjwa juu ya ugonjwa. Na kitunguu thomu kilichopondwa ni vilevile. Mafuta ya taa sitaki hata kuyasikia. Makonyo tuyauze, tupate pesa, tununue klotrimazoli.

Tuje miguuni, nitumie mguu wangu mwenyewe, msicheke kucha. Angalieni baina ya kidole kidogo na jirani yake. Ngozi ikiwa nyeupe, imelowa kama mkono wa mfua nguo, imepasuka, inatoa harufu, ndiyo hiyo. Sasa niambieni. Kwa siku tunatia udhu mara ngapi? Na kila udhu tunapitisha kidole baina ya vidole, maji yafike. Maji yamefika. Nani anayatoa? Unatoka hapo unavaa kiatu cha kufunga, soksi ya nailoni, unakwenda ofisini Gombani mguu unachemka humo. Ile mitalawanda na ndara za msikitini nazo tunapokezana mji mzima.

Dawa ya hapa ni kitambaa kabla ya tyubu. Kidogo tu, kama leso ya mfukoni, weka mfukoni. Baada ya udhu, unaingiza baina ya kila kidole, hivi, usiburute, gusa tu, bonyeza, toa. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, na hiki cha mwisho kila mtu anakiruka kwa sababu kimebana. Usikiruke! Kifungue kwa mkono mwingine. Mimi nilipaka dawa miezi miwili nikikiruka hiki, nikasema nimerogwa. Kitambaa cha mguu kisifute kitu kingine, na ukifue kila siku. Na kama una fangasi ya miguu, vaa soksi kwanza ndio uvae nguo ya ndani. Unapopitisha mguu mtupu kwenye chupi unaisafirisha wewe mwenyewe kutoka kidoleni mpaka kinenani. Mwaka ule wa makonyo, ndivyo ilivyonifika.

Masika nguo hazikauki, tunajua. Nguo ya ndani mbichimbichi usiivae. Ipige pasi. Umeme ukiwepo, lakini.

Akina mama mnaosimama kwenye mwani saa nzima za maji kupwa, nyie ukirudi nyumbani osha miguu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, kaa kitako miguu ipate upepo kidogo kabla hamjaingia jikoni. Na mwenye kisukari, akiona mpasuko vidoleni, asijitibu na video yangu. Aende hospitali mguu ungali mzima.

Mapunye. Hapa napunguza maneno kwa sababu kupaka hakutoshi. Fangasi ya kichwani imeingia ndani ya unywele wenyewe, mpaka kwenye shina, na krimu haifiki huko. Mnaona mabaka yenye vumbi la kijivu, nywele zimekatika kama zimeguguniwa. Huyo anahitaji vidonge, grisiofulvini kwa kawaida, wiki 6 mpaka 8, na kipimo kinategemea uzito wa mtoto, kwa hiyo apimwe, usigawane vidonge na mtoto wa jirani. Mpe baada ya chakula chenye mafuta. Hapo Mungu katujaalia: wali wa nazi, samaki wa nazi, mchuzi wa nazi. Dawa inaingia mwilini vizuri zaidi. Akishaanza vidonge aende skuli na chuo cha Kurani kama kawaida, msimfungie. Kofia yake tu iwe yake.

Ila ukiona kichwa kimevimba, kinabonyea, kinatoa usaha kama jipu, usikamue. Kuna mtoto aliletwa kwangu nimnyoe ili wamkamue. Nilikataa. Ile ni mapunye iliyochafuka, na ikichelewa panabaki kovu na nywele hazioti tena pale. Siku hiyohiyo, hospitali.

Na sisi vinyozi, tuseme ukweli, tunasambaza. Mashine, brashi kwanza, nywele zote zitoke kwenye meno, ndio spiriti. Ukimwagia spiriti juu ya nywele zilizojaa umeosha nywele, mashine bado chafu. Taula moja mtu mmoja. Mwenye duka lisilo na taula za kutosha asinikasirikie, nami nilikuwa nalo moja tu, la bluu, tangu Ijumaa mpaka Ijumaa.

Nimeulizwa kuhusu mba, yale mabaka meupe shingoni na kifuani. Haraka haraka. Fangasi yake inaishi kwenye ngozi ya kila mtu, joto na jasho vinaizidisha, si uchafu. Shampuu ya ketokonazoli, pakaza hadi shingoni, kifuani na mabegani, subiri dakika 5, suuza, kwa siku chache. Rangi ya ngozi inachelewa kurudi, hata miezi, hiyo haina maana dawa haikufanya kazi. Lakini baka ambalo ukifunga macho ukaguswa hapo kwa pamba husikii, hilo si mba wala choa. Huenda ni ukoma, unatibika, dawa ni bure, nenda. Usilikalie kwa sababu haliumi, kutouma ndiyo dalili yake.

Na kucha zilizonenepa za manjano, krimu haiziwezi, hizo safari yake ya miezi na vidonge, tutazungumza siku nyingine nikiwa na mguu mzuri zaidi wa kuonyesha.

Kuna mteja mlangoni, karibu kaka, kaa hapo, namalizia. Kama unataka vile vitambaa vidogo, dada yangu anavishona, pamba tupu, vinne kwa pakiti, vipo hapa kibandani. Havitibu kitu. Vinakausha tu.

Bwana mdogo, lete mkono watu wauone mara ya mwisho... Dawa iko wapi? Umefuta na shati? Lote? Haya, kaa. Lete tyubu. Nje kwanza, nje ya duara...