Ukifunga Mfuniko, Inalala?

Shikamooni wakubwa zangu, na ninyi wenzangu hamjambo.

Walimu wengi humu mmekuja na laptopu za mtumba. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, yaani masasisho ya usalama. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ambazo nyingi ya mashine hizi hazina. Kioo kinawaka vizuri, kibodi haijafa hata kitufe kimoja, lakini mashine inawekwa stoo. Mimi jambo hilo linaniuma, ndiyo maana nimekuja kuzungumzia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, tena huria: yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuubadilisha.

Kasi na virusi tuviache. Anayetumia laptopu kila siku ana maswali yake: nikifunga mfuniko, inalala? Nikiufungua, waifai inarudi? Projekta ya darasani itaikubali?

Kwenye waifai ndipo wengi wanapokata tamaa. Nilimwekea dada yangu Linux. Ilipowaka, alama ya waifai haipo kabisa. Kadi ya ndani ilihitaji programu ndogo isiyo huria, na haikuwamo. Nikachomeka simu yake kwa waya wa chaji, laptopu ikatumia bando la simu, nikafungua sehemu ya draiva, yaani programu za kuendeshea vifaa vya ndani, nikaweka iliyopendekezwa, nikazima na kuwasha. Waifai ikaja. Lakini asiye na fundi nyumbani angefanyaje? Debian, watengenezaji wa mojawapo ya Linux, walikataa kuweka programu za namna hii miaka mingi kwa msimamo wa uhuria, kisha kuanzia toleo la 12, mwaka 2023, wakaziweka programu hizo kwenye flashi ya kawaida ya kusakinishia. Naona walifanya vyema.

Halafu mitihani. Faili la Word la mwenzako ukilifungua kwa LibreOffice, programu ya kuandikia inayotumika kwenye Linux, jedwali huweza kuhama ukurasa. Mara nyingi ni fonti: Calibri haimo kwenye Linux. Hakikisha una fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule, mistari itakaa mahali pake. Na ukienda steshenari kuchapa, peleka PDF.

Leo asifute mtu chochote. Flashi ziko hapa mezani. Chomeka, washa, chagua kuwakia kwenye flashi. Linux itaendeshwa humo humo bila kugusa mafaili yako. Usibonyeze palipoandikwa kusakinisha. Unganisha waifai, funga mfuniko, hesabu hadi thelathini, fungua. Kisha chomeka projekta ile pale. Kikigoma chochote, nyoosha mkono, nitakuja mezani kwako.