Tafuta Kikombe Kwanza, Ndipo Utoe

Wazazi na walimu wenzangu, hamjambo. Waliowahi kunisikia wanajua nitaanza na maharagwe. Nitaanza nayo leo tena, kwa sababu kosa la watoto katika kutoa sehemu ni lile lile kila muhula.

Swali lilikuwa hili: mama ana robo tatu ya gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka sokoni, ya maharagwe, akapika theluthi moja ya gorogoro. Amebakiwa na kiasi gani? Msichana mmoja akaandika: 3 toa 1 ni 2, 4 toa 3 ni 1, jibu 2/1, yaani gorogoro mbili. Jamani! Hakuwa na hata gorogoro moja kamili, amepika, watoto wameshiba, na sasa ana mbili? Na msichana huyo si mjinga. Jumamosi humsaidia mamake kuuza nafaka katika soko la Kibuye, Kisumu, na hakuna mteja awezaye kumpunja. Ni sisi tuliomzoesha kuiacha akili yake ya sokoni nje ya mlango wa darasa.

Nikamletea mkebe wenyewe. Tukatafuta kikombe ambacho ukikijaza mara 12, ukikisawazisha kwa kiganja bila kurundika, gorogoro inajaa. Robo moja ni vikombe 3, basi robo tatu ni vikombe 9. Theluthi ni vikombe 4. Akachota vinne, akamimina kwenye sufuria, akapima yaliyobaki polepole, akiokota hata punje zilizoanguka. Akasema, "Mwalimu, ni vikombe vitano kati ya kumi na viwili." 5/12! KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa 4 na kwa 3 (hapa 12), sikuitaja. Kikombe ndicho KDS.

Isikilizeni lugha yetu. Tukisema robo tatu, robo ni jina la kipande, tatu ni idadi. Asili, namba ya chini, ni jina; kiasi, namba ya juu, ni idadi. Nani hapa anaweza kutoa kuku mmoja katika mbuzi watatu? Kata vyote viwe vipande vya jina moja, ndipo utoe.

Mtaniambia simu ina kikokotoo. Inacho, lakini haitamwambia mtoto ni theluthi ya nini. Swali likisema mama alipika theluthi ya maharagwe aliyokuwa nayo, hiyo ni theluthi ya vikombe 9, yaani 3. Vinabaki 6, nusu ya gorogoro. Maneno machache yamebadilika, na jibu limehama kutoka 5/12 hadi 1/2. Asome swali kwa sauti, mara mbili, kabla ya kushika kalamu.

Mwingine atasema, zidisha asili kwa asili tu. Si kosa. Kwa robo na sudusi, yaani moja ya sita, utapata 24 wakati 12 zingetosha. Umechagua kikombe kidogo, basi utachota zaidi.

Nilitaka kuifikia saa, maana kila asemaye saa tatu kasorobo ameshatoa sehemu. Nusu saa toa theluthi ya saa: dakika 30 toa 20, zimebaki 10, sudusi. Lakini naona mwenyekiti ananyosha mkono.

Zile zenye namba nzima, haraka: 2 1/4 toa 1 2/3. Robo ni vikombe 3, theluthi mbili ni 8, havitoshi. Fungua gorogoro moja nzima, uwe na 15. Toa 8, vinabaki 7. Gorogoro iliyosalia, toa ile moja, hakuna. Jibu 7/12.

Mkebe na kikombe viko hapa mezani. Mama uliyeketi mbele, karibu uchote.