Saa ya Mahakama na Saa ya Gereza

Ndugu zangu, asanteni kwa kubaki hadi mada ya mwisho: tarehe za mwisho za mahakama, na jinsi zinavyomkwaza mfungwa mwenye kesi. Najua viti vimeshachosha.

Nianze na bahasha. Mfungwa mmoja wa Tennessee, Marekani, alishindwa mahakamani Januari 1986. Alikuwa na siku 30 za kuwasilisha taarifa ya kukata rufaa. Siku ya 27 akaikabidhi bahasha yake kwa askari magereza, ikaandikwa kwenye daftari la barua. Masjala ya mahakama ikaigonga muhuri siku ya 31. Rufaa ikatupwa.

Angefanya nini zaidi? Mimi na wewe tukiona barua inachelewa, tunapanda gari tunaipeleka wenyewe. Yeye bahasha ikishamtoka mkononi, imekwenda, na anayeibeba ni mtumishi wa gereza lile lile analopambana nalo. Mwaka 1988, katika kesi ya Houston dhidi ya Lack, majaji 5 wa Mahakama ya Juu dhidi ya 4 walisema siku ihesabiwe pale mfungwa asiye na wakili anapoikabidhi barua gerezani.

Hiyo ni barua inayotoka. Inayoingia je? Mdai, yaani mfungwa aliyefungua kesi, anahamishwa gereza, makaratasi yake yanabaki nyuma. Huku jaji ameamuru ajibu hoja za wadaiwa, yaani wale aliowashtaki, kabla ya tarehe fulani. Amri inakwenda gereza la zamani, inarudi mahakamani bila kufunguliwa. Kanuni za mahakama nyingi zinamtaka mdai mwenyewe atoe anwani mpya, kwa hiyo kimya chake kinasomwa kama kutojali. Kanuni ya 41(b) ya mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu ya Marekani, inamruhusu jaji kulitupa shauri lisiloendeshwa, na amri isiposema vinginevyo, ni kana kwamba madai yenyewe yamesikilizwa na kukataliwa. Hata akiachiwa nafasi ya kufungua upya, Tennessee ukomo wa madai ya haki za kiraia, yaani muda wa kuyafungua, ni mwaka 1 tu, na mara nyingi umeshapita. Lakini ada ya kufungua kesi, dola 350, kama alikubaliwa kulipa kidogo kidogo, itaendelea kukatwa kwenye akaunti yake ya gerezani. Hiyo haina ukomo!

Sisemi tarehe ziondolewe. Wapo wanaofungua kesi na kuzitelekeza, na wadaiwa nao wanachoka kusubiri. Ninachokataa ni mambo kama ya kesi ya Bowles dhidi ya Russell, 2007. Jaji wa Ohio alimpa mfungwa hadi Februari 27 kukata rufaa. Sheria ilimruhusu kutoa siku 14, akatoa 17. Mfungwa akawasilisha tarehe 26. Mahakama ya Juu, tena 5 kwa 4, ikasema amechelewa: muda uliowekwa na Bunge jaji hana uwezo wa kuuongeza.

Kwa hiyo aliye ndani namwambia hivi: omba kuongezewa muda kabla siku hazijaisha, maana zikiisha utadaiwa sababu nzito. Andika tamko la kiapo la siku uliyokabidhi barua. Na ukihamishwa, karatasi ya kwanza utakayoipata iwe ya kuiandikia masjala anwani yako mpya, kabla hata hujamwandikia mama.

Haya, nani ana swali?