Mnyonya damu anayepiga hodi

[Muziki wa kufungulia unashuka]

ASYA: Assalaam aleikum wasikilizaji. Leo tuna picha za kutisha, za zamani na za juzi, kwa jicho la mtazamaji wa kawaida. Hatutoi nyota. Makame yuko hapa na ameshaanza kubisha kabla ya kuulizwa.

MAKAME: Sibishi, Bi Asya. Nasema tu kuwa watu wanazisifu picha za zamani kwa jambo ambalo waliozitengeneza hawakulitaka. Chukua Jaws ya 1975, picha ya papa ya Steven Spielberg. Wanasema, “Spielberg fundi, kamficha papa.” Hakumficha! Papa wa mashine alikuwa mbovu. Alikuwa akiendeshwa kwa hewa ya kushindiliwa, wakamjaribu kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, kisha wakampeleka baharini. Chumvi ikamla. Kazi iliyopangiwa siku 55 ikafika siku 159.

ASYA: Mtu wa pwani ya Mkokotoni hahitaji kufafanuliwa hilo. Mashine ya boti usipoisukutua kwa maji baridi baada ya safari, chumvi inaganda kwenye njia za kupoozea, nayo inachemka katikati ya bahari.

MAKAME: Ndiyo hayo. Spielberg akabaki na maji, muziki wa noti mbili wa John Williams, na mapipa ya njano. Picha ina saa mbili na dakika nne, na papa humuoni vizuri mpaka karibu saa moja na dakika ishirini. Hata baada ya hapo, mara nyingi unaona tu mapipa aliyofungwa nayo. Pipa likitulia, unapumua. Likizama, basi.

ASYA: Boya. Anayevua akiona boya linakokotwa kinyume na mkondo, hangoji kumuona samaki.

MAKAME: Sasa leo papa wa kompyuta haliwi na chumvi. Papa unamtaka dakika ya tano, unampata dakika ya tano, na dakika ya sita umeshamzoea.

ASYA: Hapo ndipo tunapoachana. Kuficha si dawa ya kila kitu. The Thing ya John Carpenter, 1982, inaonyesha kila kitu mbele ya taa. Rob Bottin alitengeneza yale maumbo kwa mpira na utelezi, kichwa kinaota miguu ya buibui, na kamera haigeuki. Mbona bado inatisha?

MAKAME: Kwa sababu humjui nani ni nani.

ASYA: Na kwa sababu ina kanuni. Kile kiumbe kinaiga umbo la watu, na kila kipande chake ni mnyama anayejitegemea na kinajitetea chenyewe. Basi wanafanya kipimo: damu ya kila mtu kwenye kisahani chake, waya unapashwa moto, unachovywa. Damu ya mtu inachemka kidogo. Damu isiyo ya mtu inaruka. Kanuni hiyo unaelezwa kwa sentensi mbili, halafu unakaa unahesabu visahani. Giza halina kazi pale.

MAKAME: Nakubali nusu. Nusu nyingine ni Alien, 1979. Ndani ya vazi la lile zimwi alikuwamo Bolaji Badejo, kijana wa Nigeria aliyekuwa akisoma London, mrefu kupita mita mbili, miguu myembamba. Mwongozaji Ridley Scott alimtaka kwa umbo: jicho la mtazamaji likitafuta mtu ndani ya vazi, lisimpate. Na bado akamwonyesha kwa vipande, hapa mkono, hapa kichwa, hapa mate. Ungemwona amesimama wima kwenye taa kwa dakika nzima, ungesema, aa, bwana mrefu kavaa mpira.

ASYA: Haya, tuje juzi. Sinners ya Ryan Coogler, 2025. Wasikilizaji ambao hamjaiona, rukeni dakika tatu.

MAKAME: Michael B. Jordan anaigiza mapacha, Mississippi, 1932. Wamenunua kiwanda cha zamani cha mbao, wanafungua ukumbi wa muziki, na usiku wanyonya damu wanafika mlangoni.

ASYA: Na hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe! Kanuni ya zamani ya Ulaya, lakini kwetu haihitaji maelezo hata kidogo. Ni hodi. Tumefunzwa: piga hodi mara tatu, usipojibiwa rudi zako. Yule Remmick, kiongozi wa wanyonya damu, anasimama nje, anatabasamu, anaimba, anaomba kwa adabu. Ana adabu za mgeni na nia ya mwizi. Mzanzibari anabanwa kooni kuliko mtu mwingine yeyote, maana kumwacha mgeni mlangoni anayesema “hodi” ni aibu.

MAKAME: Na mlango haukuvunjwa. Anayewakaribisha ni mama mwenye uchungu, wamemtishia mtoto wake, akasema njooni, yaishe. Kanuni inavunjwa na mwenye sababu. Picha dhaifu kanuni yake inavunjwa na mjinga aliyesahau.

ASYA: Lakini?

MAKAME: Lakini ina miisho mitatu. Mapambano ya mlangoni yanakimbizwa, jua linachomoza upesi mno, kisha kuna vita vya bunduki na wabaguzi wa rangi, kisha kipande kingine majina ya waigizaji yakishaanza. Vita vile ni picha nyingine kabisa. Nzuri, lakini nyingine.

ASYA: Kile cha kati ya majina mie sikitoi. Ila nakubali kuhusu jua. Halafu fikiria mumiani wetu, mnyonya damu wa masimulizi ya huku. Zile khofu za wakati wa ukoloni: mumiani hakuwa na jeneza wala hakupiga hodi. Alikuwa na gari, na mara nyingi alivaa sare za kazi ya serikali. Hakuomba ruhusa kwa sababu aliamini anayo tayari. Hiyo peke yake ni hadithi.

MAKAME: Na iko karibu na Get Out, ambamo watu wanaporwa miili yao, kuliko Sinners.

ASYA: Get Out, 2017! Wimbo wa mwanzo, gari linapita msituni, sauti zinaimba Kiswahili. Wimbo wa Michael Abels, unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga. Watazamaji wa Marekani walisikia mnong'ono wa kutisha. Sisi tuliambiwa moja kwa moja tukimbie, na picha ndiyo kwanza inaanza.

MAKAME: [anacheka] Tumeharibiwa picha kwa lugha yetu wenyewe.

ASYA: Sasa lawama. Kushtua.

MAKAME: Eh, nimeingoja hii. Asili yake ni safi. Cat People, 1942: mwanamke anatembea usiku, nyuma yake viatu vinalia. Viatu vinanyamaza. Yeye anaharakisha. Kimya. Halafu mlio mkali kama wa chui, kumbe breki za basi. Hukuoneshwa kitu. Mpaka leo watengenezaji wa picha huuita mtindo huo “basi”.

ASYA: Na siku hizi?

MAKAME: Muziki unakatwa, binti anafungua kabati ya kioo, anaifunga, kuna mtu nyuma, paa! Kosa la kwanza, muziki ukikatwa kila mara mtazamaji anaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. La pili, sauti imepandishwa kuliko kila kitu kilichotangulia. Kushtuka si kuogopa. Kusi likibamiza dirisha utashtuka pia, na hukulipa kiingilio.

ASYA: Wakati mwingine kosa ni la nyumbani. Watu wanasema “picha giza tupu, sikuona kitu”. Unauliza umeangaliaje: faili la MB 700 kutoka kwenye flashi, mchana, dirisha wazi. Saa mbili ndani ya MB 700 ni chini ya megabiti moja kwa sekunde. Picha ya vichekesho, watu wawili kwenye kochi, inavumilia. Giza halivumilii, maana kivuli kina rangi nyingi zinazokaribiana, na faili likibanwa zinageuka miraba inayotambaa ukutani. Tafuta faili la GB 2 au zaidi, au usubiri.

MAKAME: Na watu wanapandisha mwangaza wa TV.

ASYA: Usipandishe! Weusi unageuka kijivu na hupati kipya. Zima taa ya chumba. Kisha ingia kwenye mipangilio, toa ile hali ya rangi kali, weka ya sinema. Halafu zima kulainisha mwendo: Samsung inaitwa Auto Motion Plus, au Picture Clarity kwenye TV mpya, LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Sinema ina fremu 24 kwa sekunde. TV inabuni nyengine katikati, na zimwi linateleza kama mtu wa tamthilia ya saa mbili usiku.

MAKAME: Maneno hayasikiki, mlipuko unaamsha jirani?

ASYA: Sauti ya 5.1, yaani ya spika sita, inaweka mazungumzo kwenye spika ya katikati. Huna spika hiyo, TV inayabana pamoja na mengine na yanazama. Chagua sauti ya stereo kama ipo. Na wanaoonyesha nje, kama ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, pale Ngome Kongwe: angani hakuna giza kamili. The Thing na theluji yake itaonekana. Picha ya mahandakini itageuka redio.

MAKAME: Nina swali moja la mwisho. Popobawa, zimwi la visiwani linalosemekana kuwaingilia watu usiku.

ASYA: Nilijua.

MAKAME: Mwaka 1995 khofu ilienea Pemba, ikaja Unguja. Watu wakalala nje kwa makundi. Na masimulizi yanasema anayekana kuwa yupo ndiye anayefuatwa. Kanuni hiyo, tayari. Ungeipigaje picha?

ASYA: Kwanza, mabawa yasionekane. Siku utakapoonyesha mabawa ya popo, watoto watacheka. Pili, lile lenyewe linalosemwa anafanya, usilionyeshe kabisa, kuna watu walioumia na bado wanaishi na minong'ono. Onyesha uwanja, mikeka, watu wazima wanaojifanya wamelala.

MAKAME: Na boya lako liko wapi?

ASYA: Karabai. Moja tu, imening'inizwa mwembeni. Usiweke muziki, mvumo wake unatosha. Karabai pumzi ikipungua, mvumo unashuka, mwanga unakuwa wa manjano, ukingo wa uwanja unasogea karibu. Mtazamaji atalielewa hilo mara ya kwanza, hutamueleza tena. Mara ya pili mvumo ukianza kushuka, watu wote uwanjani wanausikia, wote wako macho, na lazima mmoja wao aondoke kwenye mkeka akaipige pampu.

MAKAME: Na aliyekana mchana?

ASYA: Ndiye aliyelala karibu na mwembe.