Sigiri Isiyotoa Moshi: Mhadhara kwa Wahudumu wa Afya wa Vijiji

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi wahudumu wa afya wa vijiji, habari za asubuhi.

Ikitajwa hewa chafu, wengi mnafikiria barabara za Kampala: bodaboda, malori, vumbi. Hewa hiyo ni mbaya kweli. Lakini mama anayepika kila siku huvuta hewa mbaya zaidi jikoni mwake. Hapa Uganda, katika kila nyumba 10, zaidi ya 9 zinapikia kuni au makaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafu wa hewa ya majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walizidi 237,000.

Naanza na sigiri, jiko letu la makaa, kwa sababu ndiyo inayotuhadaa. Makaa yakikolea, yakawa mekundu na jivu jeupe juu, moshi hukatika. Hapo watu husema sasa ni salama, wakaiingiza ndani. Kumbe ndani ya lundo lile hewa haifiki ya kutosha, makaa yanaungua nusunusu na kutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikohozi. Ikiingia kwenye damu hushikamana na hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Damu inazunguka, moyo unapiga, lakini mwili unakosa oksijeni.

Usiku wa baridi kule Kabale na Kisoro, au siku ya mvua katika chumba kimoja cha kupanga, kile tunachokiita muzigo, sigiri huwekwa katikati, mlango ukafungwa na nguo ikasukumwa chini yake. Wanaolala hawaamki, maana hakuna cha kuwaamsha. Nasikia watu wakishauri bakuli la maji liwekwe pembeni. Maji hayainyonyi gesi hii. Kulala kitandani badala ya sakafuni nako hakusaidii, kwa kuwa uzito wake unakaribiana na wa hewa, basi inajaa chumba kizima. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga. Sigiri iwashwe nje, ipikiwe nje au barazani, na isilale ndani hata kama inaonekana imezimika. Jenereta vilevile.

Sasa nyinyi wahudumu, hapa nawaomba masikio. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kulegea. Hiyo kwetu ni malaria mara moja! Basi pima malaria, lakini uliza pia. Je, mwili una joto? Sumu hii yenyewe haileti homa. Je, wameugua wengi nyumba moja, wakati mmoja? Je, wakitoka nje wanapata nafuu? Je, jana walipikia ndani? Ukishuku, fungua milango, mtoe mgonjwa nje, kisha apelekwe kwenye kituo chenye oksijeni. Akivuta hewa ya kawaida, sumu iliyomo kwenye damu hupungua nusu kwa saa 4 au 5. Kwa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu. Na msidanganywe na kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni: hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu, kinaweza kuonyesha asilimia 98 na huku mtu yuko hatarini. Mama mjamzito apelekwe hata akisema amepona, kwani hemoglobini ya mtoto tumboni huishika gesi hii kwa nguvu zaidi kuliko ya mama.

Kuni nazo zina lao. Moshi wake umejaa chembe ndogo mno, za chini ya mikromita 2.5, ambazo pua haizichuji, zikafika hadi mwisho wa mapafu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa siku ni mikrogramu 15 katika mita ya ujazo. Jiko la mafiga matatu lililofungiwa ndani hufikisha mamia, na moto ukisukumwa hupita 1,000. Matokeo yake ni nimonia kwa mtoto aliye mgongoni, mtoto wa jicho kwa mama, kiharusi, maradhi ya moyo, saratani ya mapafu, na kifua kinachobana miaka yote.

Dawa iliyo karibu ni jiko la udongo la kuchoma kuni chache. Twanga udongo wa kichuguu, changanya na nyasi kavu zilizokatwa fupi, mwagia maji, kanda kwa miguu, kisha ufunike siku kadhaa uive. Kipande cha mgomba kisimamishwe mahali pa moto, kingine kilazwe mahali pa kuingizia kuni, vikutane kama herufi L. Jenga udongo kuvizunguka. Baada ya wiki mbili tatu hivi vitolewe, nafasi ibaki. Sufuria izame ndani, iache mwanya wa kama sentimita moja pembeni, ili joto lipande likiigusa. Kuni zikae juu ya kibao kidogo mlangoni, hewa ipite chini yake. Hapo ndipo wengi hukosea: wanajaza mlango kuni, hewa inakosa njia, moshi unarudi. Kuni mbichi nazo hulifanya jiko zuri kuwa baya, maana moto unahangaika kukausha maji kwanza. Bomba la moshi likiwa chini ya kilele cha paa, upepo hurudisha moshi. Lisipokunwa masizi, huziba.

Maharage yalowekwe usiku, yataiva upesi. Makaa yasiwashwe kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Magunzi makavu yanatosha. Tadooba, kile kibatari cha mafuta ya taa, iondoke, ije taa ya sola. Na dawa ya mbu ya kuchoma, kipande kimoja hutoa chembe ndogo sawa na sigara 75 hadi 137. Tumieni chandarua.

Nyuma ya ukumbi kuna jiko lililokwisha kauka, vipande vya mgomba bado vimo. Twendeni tukavitoe.