Mnataka Nikamate Kariakoo Nzima?

Najua mnasema nina wimbo mmoja. Basi nauimba tena, vumilieni: msitegemee vinasaba (DNA) kuwachorea uso wa mhalifu msiyemjua.

Oktoba 2022, polisi wa Edmonton, Canada, walisambaza sura ya mwanamume aliyemshambulia mwanamke kingono mwaka 2019. Si picha iliyopigwa. Kampuni ya Marekani ilipewa vinasaba alivyoviacha, kompyuta ikachora uso: kijana mweusi, asili yake Afrika Mashariki. Ndiyo, huku kwetu! Umri wake? Vinasaba havikusema, wakambandika miaka 25. Unene? Navyo kimya, wakambandika wa wastani. Haya, toeni vya kubandika. Kimebaki nini? Mwanamume mweusi. Na kila kijana mweusi anayepanda basi Edmonton asubuhi hiyo anakodolewa macho. Hazikupita siku mbili, polisi wakaiondoa wenyewe na kuomba radhi.

Mtaniambia: mbona Ulaya kipimo kinafanya kazi? Kinafanya, kwa macho ya bluu! HIrisPlex-S, kipimo cha kubashiri rangi ya macho, nywele na ngozi, inasoma alama 41, yaani sehemu za vinasaba ambapo watu hutofautiana, lakini kwenye macho mzigo mkubwa unabebwa na alama moja, ndani ya jeni HERC2. Nayo haitengenezi rangi yoyote. Ni swichi ya jeni jirani yake, OCA2, ambayo ndiyo inayohusika na kutengeneza rangi. Rotterdam ukiambiwa mtu ana macho ya bluu na nywele nyekundu, umeshapunguza watu wengi. Sasa nileteeni hapa Dar majibu yenu: macho ya kahawia, nywele nyeusi, ngozi nyeusi. Asanteni sana. Nikamate Kariakoo nzima?

Wala sisemi ngozi zetu zinafanana, msinilishe maneno. Mwaka 2017 timu ya Sarah Tishkoff, mtafiti wa vinasaba wa Marekani, ilichapisha vipimo vya watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana, ikaibua jeni MFSD12, ambayo hakuna aliyekuwa akiitaja kwenye mambo ya rangi. Weusi wetu una ngazi nyingi. Kipimo kilichofunzwa zaidi kwa Wazungu ndicho kinachotutia kapu moja.

Kulinganisha sampuli na mshukiwa aliyekwisha kupatikana, kama afanyavyo Mkemia Mkuu, ni jambo jingine kabisa, sina ugomvi nalo. Ualbino, ambako mara nyingi huku kwetu OCA2 hiyohiyo imekatika kipande, nilitaka... mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali. Wewe mwenye shati la njano. Mnaona? Shati limenisaidia kuliko alama zote 41.