Ugeuzeni Kwanza: Kuutambua Uyoga Mgumu wa Kwenye Miti

Habari za asubuhi, wazee wangu na ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie ule uyoga mgumu unaoota ubavuni mwa mti, umetokeza nje kama rafu ya ukutani, mara nyingi bila mguu kabisa. Ninyi mnaopogoa na kukata miti mnauona kuliko mimi, kwa hiyo sitawaeleza unavyofanana. Ombi langu ni moja: kabla hamjautaja jina, utazameni upande wa chini.

Rangi ya juu inadanganya. Jua huifubaza, vumbi huifunika, mwani huipaka kijani, na uyoga uleule ukiwa mchanga na ukiwa mzee waweza kuapa kwamba ni aina mbili tofauti. Chini ndiko zinakotoka spora, yaani zile chembe unazozaliana nazo, na umbo la huko halibadiliki ovyo. Aina nyingi zina vitundu vidogo mno, hata macho makali yanahitaji lenzi ya mkono. Vikiwa vipana, vyenye pembe sita, unavihesabu bila lenzi, fikirieni Hexagonia. Mkikuta mikunjo badala ya vitundu, na kila mkunjo umepasuka katikati kwa urefu wake, na juu pana manyoya meupe yenye ukijivu, huo ni Schizophyllum commune. Ni mdogo, umejaa kwenye matawi makavu karibu dunia nzima. Kiangazi mikunjo yake hujifunga, mvua ikinyesha hufunguka tena.

Rangi naikubali kwa mmoja tu, Pycnoporus sanguineus. Mwembamba, mwekundu wa kuelekea chungwa, juu hivyo na chini hivyo. Uko kwenye magogo na nguzo za uzio zinazopigwa na jua. Huo hata mtoto hakosei.

Sasa Ganoderma, na hapa nitakaa kidogo. Jina mmelisikia, maana kuna kahawa zinazouzwa mkono kwa mkono zikisifiwa kwalo. Huota sana chini kwenye shina, karibu na mizizi. Ganda la juu ni gumu, la kahawia au jekundu lililoiva, na aina nyingine hung'aa kama zilizopigwa vanishi. Ukingo unaokua bado ni mweupe. Chini ni peupe. Kwaruza kwa ukucha, alama inageuka kahawia papo hapo, ndiyo maana kuna watu huchora picha kwenye aina zake pana. Na mkikuta vumbi la rangi ya kakao limetanda juu ya majani yaliyo jirani, hata juu ya uyoga wenyewe, hizo ni spora zake. Uyoga mmoja hutoa mabilioni.

Lakini Ganoderma ipi? Hapo nawasihi mnyamaze. Jina Ganoderma lucidum lina asili ya London: William Curtis aliueleza uyoga wa huko mwaka 1781. Kisha kila uyoga unaong'aa duniani ukabandikwa jina hilo, hadi ule unaolimwa China kwa ajili ya dawa. Wataalamu walipoupima vizuri, wakaona wa China si huo wa Uingereza, na mwaka 2012 ukapewa jina lake, Ganoderma lingzhi. Kwa hiyo mtu akichukua kitabu cha Ulaya, akasimama chini ya mwembe wa Morogoro akatamka "lucidum", mimi simwamini. Andikeni "Ganoderma", andikeni na jina la mti, inatosha. Jina la mti ni nusu ya utambuzi, nalo ndilo watu husahau kuandika.

Kundi jingine la kuchanganya ni Phellinus na jamaa zake: mgumu kama ubao, nyama yake ya ndani ni ya rangi ya kutu. Ukidondoshea tone la potasiamu haidroksidi, dawa ya maabara, nyama inageuka nyeusi. Vaeni glavu, dawa hiyo inaunguza ngozi.

Tazameni pia mahali ulipo. Uyoga kwenye tawi kavu unakula kilichokwisha kufa. Kata tawi, maliza. Ganoderma chini ya shina ni habari nyingine. Mwili wenyewe ni nyuzi zilizomo ndani ya mti, zinakula lignini na selulosi, yaani vitu vinavyounda ubao wa mti, na hiki tunachokiona ni sehemu ya kuzalia tu. Kuubandua hakuponyi kitu. Mti waweza kuwa na majani mabichi kabisa huku mizizi imelainika, na ukiwa kando ya darasa au kituo cha daladala, msisubiri majani yanyauke ndipo mwite mtu wa kuupima.

Na hili litawasaidia kwenye ugomvi wa majirani juu ya mti ulioanguka. Vitundu lazima vitazame ardhi ili spora zidondoke wima. Mti ukianguka, uyoga wa zamani unabaki umelala kiubavu, lakini sehemu itakayoota baadaye itajipinda kutazama chini upya. Mkikuta gogo lina uyoga ambao vitundu vyake vinatazama pembeni, basi uliota mti ukiwa umesimama. Mwenye mti asiseme ni upepo peke yake.

Swali la mama pale nyuma: unaliwa? Hii migumu hapana, meno yatakushinda. Schizophyllum huliwa sehemu kadhaa, Kongo ikiwemo, na ule laini wenye umbo la sikio, Auricularia, ni chakula kinachojulikana. Ila sitamruhusu mtu apike kitu kwa sababu ya maelezo yangu ya mdomo. Uleteni uyoga wenyewe mkononi, pamoja na kipande cha gamba la mti, tuutazame kwa lenzi kwanza.